Mrejesho: mashua iliyokuwa ikikimbilia upepo

Wakuu, nilieleza kwamba mashua yangu ya matanga mawili inageukia upepo kila upepo ukikaza, hadi mkono unakufa ganzi kwa kuvuta kana (mpini wa usukani). Aliyeniambia nianze na ulalo, yaani jinsi mashua inavyolalia upande, alilenga penyewe: tulipokaa wote ukingoni upande wa upepo, mashua ikasimama wima na usukani ukawa mwepesi papo hapo. Kisha nikalegeza kamba ya tanga kuu mpaka ukingo wake wa mbele ukaanza kupepea, nikaivuta kidogo tu, ukatulia. Mlingoti sikuugusa, haikuhitajika. Sasa kana naishika kwa vidole viwili. Nikiiachia, mashua bado inageukia upepo, ila taratibu, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Upepo ukizidi, nakunja sehemu ya tanga kuu kwanza.