Mnaoipa albamu nyota moja bila kuisikiliza, mnatuharibia

Wakuu,

Nina hasira na sitazunguka. Juzi mdogo wangu aliniomba nimchagulie albamu moja ya roki ya zamani aanze nayo. Nikamwambia Pet Sounds ya Beach Boys, ya mwaka 1966. Kabla ya kuiweka akaingia mtandaoni kusoma maoni ya wasikilizaji, akayapanga kuanzia yenye nyota moja, na karibu saa nzima nikawa namsikia akicheka peke yake. Aliponirudia alikuwa ameshaamua. "Dada, hii mimi siisikilizi. Wanasema ni kengele za baiskeli na mbwa wanaobweka." Albamu yote ni dakika 36. Muda alioumaliza kwenye mizaha ungemtosha kuisikiliza mwanzo hadi mwisho na kurudia nusu yake.

Na mbwa wamo kweli, hilo silikatai. Wako mwisho kabisa, baada ya wimbo wa mwisho, Caroline, No. Brian Wilson, kiongozi wa Beach Boys na mtunzi wao, alikuwa na miaka 23. Ametoka kuimba kuhusu msichana aliyebadilika hadi hamtambui tena, sauti yake imefifia, vyombo vimenyamaza, halafu treni inapita na mbwa wake mwenyewe wawili wanaibwekea inavyokwenda. Mimi pale huwa nashindwa kuongea. Anayeandika neno "mbwa" akaruka nyimbo kumi na mbili zilizotangulia anajua anachofanya: anatafuta kicheko, na anakipata, kwa sababu wanaomsoma nao hawajasikiliza.

Yapo pia malalamiko kwamba sauti inatoka mahali pamoja tu, hakuna kushoto wala kulia. Ndiyo, albamu ilitoka katika mono. Wilson alikuwa karibu hasikii kabisa kwa sikio la kulia tangu utotoni, na hiyo ni moja ya sababu za yeye kuchanganya nyimbo zake katika mono. Toleo la stereo lilitengenezwa miaka mingi baadaye, likatoka 1997. Mtu wa sikio moja alipanga sauti za waimbaji, vinanda, ngoma na filimbi kichwani mwake hadi zikakaa kila moja mahali pake, leo tunamnyima nyota kwa kuwa hakutuchanganyia kwa masikio mawili, na watu mia wanabonyeza dole gumba kwamba maoni hayo "yamewasaidia". Yamewasaidia nini?

Najua atatokea mtu hapa na "chema chajiuza". Basi nimjibu mapema. Pet Sounds ilipotoka Marekani ilikwama nafasi ya 10, Uingereza ikafika ya 2. Haijamaliza miezi miwili sokoni, kampuni yao ya rekodi ikatoa mkusanyo wa vibao vyao vya zamani, ukagombania mteja yuleyule. Albamu ya kwanza ya Velvet Underground, waliyoimba na Nico mwaka 1967, enzi zake haikuvuka nafasi ya 171. Hivi ndivyo vitu ambavyo leo kila mpiga gitaa anavitaja. Havikujiuza. Viliuzwa na watu waliokaa navyo, wakamshika rafiki mkono wakamwambia kaa hapa, nyamaza, sikia. Kazi hiyo ndiyo tulidhani maoni ya wasikilizaji yangeifanya.

Sasa niende kwenye lile linaloniudhi kuliko yote. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, Machi 1973. Mzaha unaorudiwa na kila mtu ni ule wa mwanamke anayepiga mayowe dakika nne bila neno hata moja, kwamba ameumia, kwamba ameona panya, mtajua wenyewe mnavyouongeza chumvi. Mwanamke huyo ana jina. Ni Clare Torry. Aliitwa studio ya Abbey Road jioni moja ya Jumapili, Januari 1973, akawekewa rekodi ya kinanda cha Richard Wright wa bendi hiyo, akaelezwa kwamba wimbo unahusu kifo na kwamba hauna mashairi. Hakuna aliyemwandikia noti. Alifungua mdomo akatafuta njia mwenyewe, anapanda, anavunjika, anaomba, mwisho anakubali. Alilipwa pauni 30. Ilimbidi aende mahakamani mwaka 2004, zaidi ya miaka thelathini baadaye, na kesi ilipomalizwa kwa maelewano mwaka 2005 ndipo jina lake likaandikwa pamoja na la Wright kama mtunzi.

Sisemi lazima umpende. Kuna watu ninaowaheshimu ambao sauti ile inawakera, wanaona imezidi, inawalazimisha kuhisi. Sawa kabisa, wamesikia na wamesema. Lakini wewe unayeandika kuhusu panya, uliifikisha mwisho? Ulisikia pale anapoishiwa nguvu na kurudi kwa sauti ya chini kama mtu aliyemaliza kulia? Maana hakuna aliyefika pale akarudi na panya.

Black Sabbath nao hawaponi. Tony Iommi anaitwa mpiga gitaa wa vidole vizito, kwamba anaburuta, kwamba hajui kukimbia. Alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine, kiwandani, akiwa na miaka 17. Kwa kuwa anapiga kwa kushoto, mkono huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivalisha ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Kufikia albamu yao ya tatu, 1971, alikuwa amezilegeza nyuzi hadi gitaa likatoa mlio ule mzito ambao maelfu ya bendi zimeuiga tangu hapo. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja, Oktoba 1969. Ikitokea bado unaiona mbaya, ni haki yako. Ila hicho unachokiita uzembe wa vidole kina historia, na kinasikika, ukitulia kinasikika.

Kabla hamjaniambia kwamba wahakiki wakubwa nao waliziponda albamu hizi: ndiyo, waliziponda, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Lester Bangs aliichana ile ya kwanza ya Sabbath katika jarida la Rolling Stone mwaka 1970, akawafananisha na bendi ya Cream, tena kwa kuwashusha. Alikosea, mimi naona. Lakini ukimsoma unajua amesikia nini na kimemchukiza wapi, na mwaka 1972 mtu huyohuyo aliandika makala ndefu ya kuwatetea katika jarida la Creem. Richard Goldstein aliiponda Sgt. Pepper ya Beatles katika New York Times, Juni 1967, dunia nzima ikiwa inaisujudia. Barua za hasira zikamiminika. Hakukimbia, aliandika tena kueleza msimamo wake. Miaka mingi baadaye alikuja kukiri kwamba spika moja ya mashine yake ilikuwa na hitilafu wakati ule. Hebu fikirini: mtu aliyesikiliza kwa spika mbovu, katika albamu iliyochukua takriban saa 700 studioni, aliisikia kwa makini kuliko wengi wetu wenye vifaa vizima. Aliweka jina lake chini ya maneno yake. Aliisikiliza yote. Nikiwekewa hakiki ya Goldstein na mizaha elfu ya nyota moja, nachukua ya Goldstein, pamoja na makosa yake.

Wale wa nyota moja kwa sababu santuri imefika imepinda au jalada limechanika, mlalamikieni aliyewauzia. Beatles hawakufunga mzigo wenu.

Tofauti na hao, kuna watu wa nyota moja ambao nawavulia kofia. Nendeni mkasome mabishano ya Raw Power ya Iggy na Stooges. Albamu ya 1973, ikachanganywa na David Bowie, gitaa limekaa mbele, ngoma na besi ziko mbali kama ziko chumba kingine. Mwaka 1997 Iggy Pop mwenyewe akaichanganya upya, akapandisha kila kitu hadi sauti inakwaruza. Utamkuta mtu ametoa nyota moja kwa toleo moja na tano kwa lingine, anakuonyesha wimbo gani umepoteza pumzi, wapi gitaa limemeza sauti ya mwimbaji. Nimesoma maoni ya namna hiyo, nikarudi kwenye albamu niliyoijua miaka mingi, nikasikia kitu kipya. Nyota moja ya namna ile ina thamani kuliko nyota tano za "albamu bora ya wakati wote" zisizo na sentensi ya pili.

Maana na hao wa nyota tano sijawamaliza. Mwaka jana niliandika maoni yangu kuhusu Trout Mask Replica ya Captain Beefheart, 1969, aliyoitayarisha Frank Zappa. Vipande 28 kwenye santuri mbili. Niliisikiliza mara tisa kamili. Nilisoma jinsi bendi ilivyofungiwa ndani ya nyumba karibu miezi minane ikifanya mazoezi, jinsi John French, mpiga ngoma, alivyokuwa akiandika noti za vitu ambavyo Beefheart alivitwanga kwenye piano bila kujua kupiga piano, halafu albamu ilipotoka jina la French halikuwemo kwenye jalada. Nilieleza ninachokipenda, hasa magitaa mawili yanavyokwenda kila moja na mwendo wake hadi ghafla yanakutana. Nikaeleza pia kwa nini, baada ya yote hayo, muziki wenyewe haunigusi, na kwa nini sauti ya mwimbaji inanifungia mlango kila ninapotaka kuingia. Nikatoa nyota mbili.

Nilitukanwa wiki nzima. Kwamba sina masikio. Kwamba nirudi kwenye muziki wa kwenye lifti. Kwamba wanawake hatujui roki, hili nalo liliandikwa, na likapata madole gumba. Wengine wakaniletea kisa cha Matt Groening, yule wa The Simpsons, ambaye husimulia kwamba mwanzoni aliiona kelele tupu, akaipenda baada ya kuirudia mara sita au saba. Namheshimu Groening. Mimi nimefika mara tisa. Mkitaka nifike ishirini nitafika, lakini siwezi kudanganya nilichosikia ili nikubalike kwenye kundi. Na chini kidogo ya maoni yangu kulikuwa na mtu aliyeandika sentensi moja kwamba albamu inafanana na kabati la vyombo linaloanguka kwenye ngazi. Yeye hakutukanwa na yeyote. Watu walicheka, wakapiga picha ya skrini, wakasambaza. Hadi leo ndiyo maoni ya kwanza unayokutana nayo.

Hapo ndipo nilipoelewa tulipofikia. Ukichukia kwa mzaha unapewa nafasi ya juu. Ukichukia kwa kusikiliza unafukuzwa. Wapenzi wa albamu wanamvumilia mchekeshaji kwa sababu hawatishi, ila anayeijua albamu yao na bado haipendi, huyo wanamwona adui. Mimi nawaomba mbadilishe hilo, na ninaliomba kwa nguvu. Ladha zetu zitatofautiana siku zote. Kuna mtu hapa atasema Rumours ya Fleetwood Mac ni muziki wa kufanyia usafi wa nyumba, mwingine ataapa kwamba hakuna albamu iliyosema ukweli zaidi kuhusu watu wanaoachana huku wakilazimika kuimba pamoja. Wote wawili nataka kuwasoma. Wote wawili wanaweza kunirudisha kwenye albamu. Mzaha wa panya haujawahi kunirudisha popote.

NYONGEZA: Nimeona majibu ya kwanza. Kwa wanaosema nachukulia mambo kwa uzito mno: ndiyo, nayachukulia kwa uzito. Muziki huu ulinilea. Kwa anayeuliza kama kicheko ni dhambi, hapana. Cheka, ila kwanza uwe umesikiliza kitu unachokicheka.

Mdogo wangu bado hajaisikiliza Pet Sounds. Jana usiku nilimwambia tukubaliane: azime simu, tukae wote dakika 36, mbwa wakimaliza kubweka atoe nyota anazotaka, hata moja, nami sitabisha, mradi aandike amesikia nini. Amesema atafikiria. Nitawaletea alichoandika hapahapa, kiwe kitamu au kichungu.

Wakati tunamsubiri: aliyewahi kuipa Dark Side nyota moja baada ya kuifuata yote, kuanzia mapigo ya moyo ya mwanzo hadi yale ya mwisho, aje hapa chini atueleze ni dakika gani ilimpoteza na kwa nini. Nitakusoma neno kwa neno, na yeyote atakayekutukana atanikuta mimi.