Tupeane uzoefu: wahusika wa mieleka waliokataliwa na mashabiki

Mangi wa Pasua: Jana pale stendi ya Moshi nilimwona kijana amevaa fulana ya Roman Reigns, yule mwanamieleka wa Marekani, nikakumbuka tulivyokuwa tukimzomea miaka ile tulipokuwa tukilazimishwa kumpenda. Ni mhusika gani aliyewachefua ninyi?

Mzee wa Ngarenaro: Ni yule bata mzinga, Gobbledy Gooker. Kanda ya onyesho la mieleka la Survivor Series la 1990 ilitufikia kwenye banda la video miaka kadhaa baadaye, tukaitazama tukiwa tumebanana kwenye mabenchi. WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani inayoitwa WWE leo, ilikuwa imetembeza yai kubwa kwa muda mrefu na kuwaacha watu wabashiri kilichomo. Siku ilipowadia, kule Hartford, Marekani, yai likapasuka akatoka Héctor Guerrero, mtoto wa ukoo mashuhuri wa wanamieleka, amevikwa manyoya, akaanza kucheza muziki ulingoni na mtangazaji Gene Okerlund huku ukumbi ukizomea. Sisi tulidai viingilio vyetu. Usiku huohuo ndipo Undertaker alipoonekana WWF kwa mara ya kwanza, na yule aliyeigiza maiti ndiye aliyedumu miaka 30.

Dada wa Sakina: Umenena, mzee. Lile yai lilinikera hata mimi.

Kaka wa Unga Limited: Mnamsahau Rocky Maivia, aliyeletwa mwaka 1996 na tabasamu lake, akapewa mkanda kabla watu hawajamzoea, wakamwimbia afe.

Mangi wa Pasua: Kaka, The Rock unamwitaje aliyeshindwa?

Kaka wa Unga Limited: Nimeandika Rocky Maivia. Alipata jina la The Rock mwaka 1997, aliporuhusiwa kuwachukia waliomchukia. Soma kwanza, mangi.

Binti Majengo: Mmenikumbusha kaka yangu, aliyejiita Chui wa Kibo. Alipanga kuingia uwanja wa shule juu ya mkokoteni akiwa ndani ya gunia la kahawa, kisha achomoke akinguruma mbele ya mpinzani wake wa Kiborloni. Binamu yetu alilifunga gunia kwa kamba ya katani, na fundo likagoma. Mpinzani akasubiri mikono kiunoni, gunia likabiringika vumbini, watoto wakaanza kuimba "Viazi! Viazi!" mpaka mama akafika na kisu cha jikoni. Hadi leo rika lake wanamwita Viazi.

Dada wa Sakina: Nimecheka hadi machozi! Mwambie alikumbatie hilo jina.

Mzee wa Ngarenaro: Asithubutu. Abadilishe kila kitu kama Glenn Jacobs, ambaye mwaka 1995 aliletwa kama daktari wa meno, 1996 akawa Diesel wa bandia, akimwigiza mwanamieleka mwingine aliyekuwa amehama, na tulimheshimu tu alipovaa barakoa ya Kane mwaka 1997.

Kaka wa Unga Limited: Barakoa pekee haisaidii, mzee. Fred Ottman alipotambulishwa WCW, kampuni iliyoshindana na WWF, mwaka 1993 kama Shockmaster alivunja ukuta, akajikwaa, na kofia yake ikamtoka mbele ya kamera. Binti, yule wa Kiborloni alitangazwa mshindi?

Binti Majengo: Alitangazwa, shikamoo yake. Kisha mama akamkabidhi lile gunia alirudishe dukani.