Filamu za saa tatu na zaidi: je, turudishiwe mapumziko ya katikati?

Safu ya Tisa:
Ndugu zangu wapenda filamu, salamu kwenu. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu siku nilipoitazama ukumbini Oppenheimer, filamu ya Christopher Nolan juu ya mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Filamu ile ina dakika 180, na baada ya karibu saa mbili za kubana miguu nilishindwa kuvumilia. Nilitoka kwa kunyata, nikiwapita watu magotini huku nikiomba radhi, nikaenda nilikokwenda. Nilikuwa bado nanawa mikono pale mshindo ulipokitikisa kioo kilichokuwa mbele yangu. Naam, lile bomu la atomiki la jaribio lililoitwa Trinity, ambalo filamu nzima ilikuwa ikilingojea tangu mwanzo, lililipuka mimi nikiwa msalani. Sasa nauliza: ikiwa waongozaji wameamua kutukalisha saa tatu nzima, kwa nini wasiturudishie mapumziko ya katikati kama yalivyokuwako zamani? The Brutalist ya Brady Corbet iliweka mapumziko ya dakika 20, na sijasikia kwamba kuna mtu aliyedhurika kwa jambo hilo.

Jicho la Ukumbini:
Pole kwa yaliyokukuta, dada, lakini dawa unayoipendekeza ni kali kuliko ugonjwa. Ichukue hiyo hiyo Oppenheimer. Baada ya mlipuko inabaki takribani saa nzima ambayo mtu anahojiwa katika chumba kidogo kisicho na hewa, anaulizwa jambo lile lile kwa njia kumi, mpaka anachoka usoni na mabegani. Wewe uliyeko kitini umechoka vilevile, na uchovu wako ni sehemu ya hadithi. Ukinyoosha miguu kabla ya hapo, utaingia chumbani mle ukiwa mtu mwingine. Jennifer Lame, aliyeihariri, hakupewa Oscar ya uhariri kwa bahati nasibu. Ndiyo maana baadhi ya kumbi zilipojiamulia kuikata katikati Killers of the Flower Moon, filamu ya Martin Scorsese ya saa tatu na nusu hivi, mwaka 2023, wenye filamu walikuja juu na kuwataka waache mara moja, na walikuwa na haki. Filamu si karamu ambayo mtu anainuka na kurudi apendavyo. Asiyeweza kukaa kitini saa tatu abaki nyumbani na simu yake, kwa maana filamu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Mhesabu Dakika:
Marekebisho madogo: mapumziko ya The Brutalist ni dakika 15, wala si 20, nazo zimo ndani ya zile dakika 215 zinazotajwa kila mahali. Kwenye skrini inabaki picha ya harusi ya mhusika mkuu László na mkewe Erzsébet, na saa inahesabu kurudi nyuma. Mke huyo hatujamwona bado katika hadithi. Anawasili sehemu ya pili inapoanza. Kwa hiyo unarudi kitini unakuta uso ambao umekuwa ukiungoja bila kujua. Sijui kama Jicho la Ukumbini alikaa kuutazama au naye alitoka.

Bibi wa Manukuu:
Ndugu Jicho la Ukumbini, hoja yako ya chumba kidogo nimeisoma na sitaijibu. Nitajibu sentensi yako ya mwisho, kwa sababu imenichoma. Mimi sikio langu la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linasikia linapotaka. Ukumbini, waigizaji wakishusha sauti na muziki ukapanda, mimi naona midomo tu. Filamu nazitazama nyumbani, tena kwenye simu, kwa sababu kwenye simu kuna manukuu, yaani mazungumzo yaliyoandikwa chini ya picha, na kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Sinners ya Ryan Coogler niliitazama hivyo. Kile kipande ambacho kijana Sammie anaimba na ghafla wanatokea ndani ya chumba wapiga ngoma wa kale na mpiga gitaa la umeme wa miaka ya baadaye, wote wakicheza pamoja na watu wa mwaka 1932, nimekirudia mara nne. Nakumbuka nani alisimama wapi. Nililia, na machozi yangu hayakuniuliza skrini ina ukubwa gani. Halafu unaniambia filamu haikutengenezwa kwa ajili yangu! Ulipata wapi mamlaka hayo? Nikukumbushe pia kwamba Tenet, filamu nyingine ya Nolan, ilipotoka mwaka 2020, watu wenye masikio mawili mazima walilalamika kwamba hawakusikia mazungumzo. Wao nao wabaki nyumbani?

Jicho la Ukumbini:
Bibi yangu, shikamoo, na kama nimekuumiza naomba radhi, kwa kuwa sikuwa nikisema juu ya masikio ya mtu. Hata hivyo siwezi kuirudisha hoja yangu mfukoni kwa sababu ya adabu. Kipande hicho ulichokirudia mara nne kilipigwa kwa kamera za IMAX, yaani kamera za mkanda mpana zinazotoa picha kubwa na ndefu kupita kawaida, na Autumn Durald Arkapaw, ambaye ni mwanamke wa kwanza kupiga picha za filamu ya hadithi kwa kamera hizo, alikitengeneza kwa ajili ya ukuta mrefu kama jengo la ghorofa. Filamu hiyo inapishana kati ya picha nyembamba iliyotandazwa kama mkeka na picha ndefu inayopanda hadi darini, na picha inapopanda unajikuta umeinua shingo bila kutaka. Kwenye simu umekiona kitu chenye ukubwa wa kiberiti. Ulilia, sikatai. Mtu anaweza kulia hata kwa kusimuliwa.

Mhesabu Dakika:
Kwa kipimo hicho, ndugu yangu, nawe hujaiona. Kumbi zinazoweza kuonyesha mkanda wa IMAX kwa urefu wake wote zinahesabika kwa vidole. Oppenheimer yenyewe ilionyeshwa kwa namna hiyo katika kumbi 30 tu duniani kote. Wengi wa waliobaki walitazama picha iliyokatwa juu na chini, kisha wakatoka wakijisifu kwamba wameiona sinema. Ikiwa Bibi ameona kiberiti, wewe uliyeketi katika ukumbi wa kawaida uliona mlango uliofungwa nusu. Tafadhali tuambie uliketi wapi kabla hatujaendelea.

Jicho la Ukumbini:
Niliketi katika ukumbi wa kawaida, na hilo halibadilishi kitu. Kuna tofauti kati ya kupunguziwa chakula na kulishwa picha ya chakula.

Bibi wa Manukuu:
Marahaba. Kwa hiyo kilichopungua kwako ni chakula, na kilichopungua kwangu ni picha ya chakula. Nimekuelewa vizuri sana.

Fundi wa Mkanda:
Vijana, niruhusuni niingilie, maana nimefanya kazi katika chumba cha projekta kwa miaka mingi na naona mnagombana juu ya ukuta huku mmesahau tundu ambalo mwanga unatokea. Mkanda wa milimita 35 unakuja katika magurudumu, na gurudumu kubwa linabeba dakika 20 hivi. Filamu ya saa mbili ni magurudumu sita. Tulikuwa na projekta mbili zilizosimama bega kwa bega, na kazi yetu ilikuwa kuivizia pembe ya juu ya kulia ya picha. Hapo kinatokea kidoa cha mviringo, mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Unawasha mota ya projekta ya pili. Baada ya sekunde kama saba kinakuja kidoa cha pili, unageuza, na mtazamaji hajui kwamba amehamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine. Mimi kwa mazoea yale, hata leo nikitazama filamu ya kidijitali, jicho langu linakimbilia pembe ile kutafuta kidoa ambacho hakipo. Palipokuwa na projekta moja tu, hapakuwa na ujanja: taa zinawashwa, watu wanangoja, fundi anabadilisha gurudumu. Kwa hiyo msifanye kuzimwa na kuwashwa kwa taa kuwa kufuru. Filamu nyingi mnazoziita kubwa zilitazamwa na wazazi wenu zikiwa na nyufa, na kuna nyingine, kama Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, ambazo mapumziko yalipangwa na wenyewe waliozitengeneza. Tena mkanda wa IMAX wa Oppenheimer ulikuwa na urefu wa kilomita 17 na zaidi, na uzito wa kilo 270 hivi. Mimi nilipousoma uzito huo, mgongo uliniuma kwa niaba ya mtu nisiyemjua.

Mshabiki wa Hindi:
Ahsante, mzee wangu. Nashangaa mjadala umefika hapa bila mtu kuzitaja filamu za Kihindi, ambazo hazijawahi kuyaacha mapumziko. Kule mwandishi anayajua mapumziko tangu anapoanza kuandika, na anatafuta pigo la kuwatoa watu ukumbini wakiwa wanabishana. RRR ya S. S. Rajamouli, ya mwaka 2022, ina dakika 182. Katikati yake Bheem anavamia jumba la gavana kwa lori lililojaa wanyama wa porini, rafiki yake Ram anamkabili kwa moto, naye Bheem anamjibu kwa maji, na urafiki wao unavunjika mbele ya macho yetu. Hapo ndipo yanapokuja mapumziko. Jicho la Ukumbini, anayeona kwamba mapumziko yanaua mdundo wa filamu, atuambie ni mdundo gani ulikufa pale. Mimi nilisimama nje nikitetemeka, na mtu nisiyemfahamu akanishika mkono akaniuliza ni nani kati ya wale wawili mwenye haki.

Jicho la Ukumbini:
Filamu iliyopangiwa mapumziko ipewe mapumziko, sina ugomvi nayo, na The Brutalist nayo imo humo. Nilichokipinga ni kuikata filamu ambayo haikupangiwa. Nilidhani nimeliandika hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka, lakini tangu hapo ninajibu habari za simu.

Bibi wa Manukuu:
Habari za simu uliziandika wewe, mjukuu wangu. Panda juu usome.

Safu ya Tisa:
Wapendwa, mimi ndiye niliyeuliza, na swali langu lilihusu kibofu. Nakubali kwamba Christopher Nolan hakunipangia pa kutokea, na sitaki mtu akate kazi yake kwa kisu cha jikoni. Lakini mwili nao haukupangiwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyenieleza nilichokikosa, zaidi ya kunieleza ukuta, kiberiti na gurudumu.

Fundi wa Mkanda:
Binti yangu, ulikosa mwanga usio na sauti. Moto unapanda, nyuso zinaangazwa, na ukumbi mzima unasikia pumzi tu, kwa muda mrefu kiasi cha watu kuanza kutazamana. Mshindo unachelewa kama unavyochelewa kweli kwa mtu aliye mbali na bomu. Wewe uliupata mshindo kule kwenye kioo, kwa wakati wake.

Mhesabu Dakika:
Kwa ajili ya siku nyingine, iko programu ya simu iitwayo RunPee. Watu wameitazama filamu kabla yako na kuandika ni dakika ipi unaweza kutoka bila kupoteza jambo kubwa, pamoja na muhtasari wa kile kilichopita ulipokuwa nje. Unaiwasha programu hiyo filamu inapoanza, unaiweka simu mfukoni, nayo inatetemeka muda ukifika. Huhitaji ruhusa ya mwongozaji wala ya mwenye ukumbi.

Jicho la Ukumbini:
Yaani tumezunguka kote huku ili tuambiwe kwamba dawa ya ukumbini ni simu! Na huo muhtasari atausoma wapi, kama si gizani, mwanga ukimmulika kidevu, huku sisi wa safu za nyuma tukitazama kidevu badala ya filamu?

Safu ya Tisa:
Nitausoma kule kule msalani, kaka. Nimeshaipakua.

Jicho la Ukumbini:
Basi naomba uniandikie mapema utaketi safu ya ngapi, maana jina lako linasema tisa na mimi hukaa ya kumi.