Naomba ushauri: gari la umeme linaweza kuwa gari pekee la familia?

Wakuu, habari zenu. Nataka kuuza gari langu la petroli ninunue Nissan Leaf iliyotumika, zile za mwanzo zenye betri ya kWh 24. Kwa mizunguko ya mjini sina shaka: hakuna oili ya injini, hakuna plagi za injini, na unachaji usiku. Hofu yangu ni betri. Haipozwi kwa maji, kwa hiyo joto kali huichosha mapema, na vile vipau 12 kwenye dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri uliobaki, kikipotea kimoja kwa kawaida hakirudi. Safari ndefu je, hasa familia nzima ikiwa ndani? Mnaoyaendesha, mnapimaje afya ya betri kabla ya kulipa? Na kuna aliyeachana na petroli kabisa, bila gari la akiba?