Naomba ushauri: nitajiandaaje kwa mbio za milimani za kilomita 50 nikiwa na kazi na watoto wadogo?

Mleta mada

Habari zenu ndugu zangu. Nimejiandikisha kwa mbio za milimani za kilomita 50 zenye jumla ya mita 2,200 za kupanda, na waandaaji wameweka ukomo wa saa 12. Imebaki miezi mitano. Nusu marathoni za barabarani nimezizoea na huzimaliza bila shida, ila sijawahi kukimbia kwa zaidi ya saa tatu mfululizo, wala sijawahi kushindana katika njia ya mawe na mizizi.

Nia ninayo, kinachonisumbua ni muda. Ninafanya kazi ya ofisini siku tano kwa wiki, mwenzangu anafanya kazi kwa zamu zinazobadilika kila mara, na tuna watoto wawili, ambapo yule mdogo bado huamka usiku. Nikijumlisha vipande vyote vya muda ninavyoweza kuvipata bila kumwelemea mtu, ninapata saa tano kwa wiki, na wiki ikiwa nzuri sana, saa sita. Ratiba nilizozisoma zinataka siku tano au sita za kukimbia, na karibu zote zinachukulia kwamba msomaji anaishi chini ya mlima. Ninakoishi ni tambarare tupu, na mwinuko pekee wa maana ulio karibu nami ni ngazi za jengo la ofisi, lenye ghorofa kumi.

Ninaomba kujua kama saa hizo zinatosha kunifikisha mwisho ndani ya ukomo, kwa kuwa sitafuti nafasi yoyote ya juu, na kama zinatosha, nizigawe vipi. Pia ninajiuliza kama ni busara kuamka saa kumi alfajiri ili kuongeza muda wa mazoezi, ilhali usingizi wangu wenyewe hukatika mara kwa mara. Mwenzangu hajapinga jambo hili, lakini ameanza kuuliza "Jumapili hii pia?" kwa sauti ambayo kila aliyeoa au kuolewa anaifahamu.

Mpanda Ngazi

Ndugu mleta mada, saa tano hadi sita zinatosha, mradi uache kuhesabu kilomita na uanze kuhesabu muda na mwinuko. Wakimbiaji wa milimani wana kanuni nyepesi: kila mita 100 za kupanda huhesabiwa kama kilomita moja ya ziada. Kwa kanuni hiyo, mbio zako ni sawa na kilomita 72 za tambarare, na ukizigawa kwa saa 12 unapata kilomita sita kwa saa. Ukipima kwa umbali halisi, unaruhusiwa kutumia dakika 14 na sekunde 24 kwa kila kilomita, pamoja na muda utakaosimama kwenye vituo vya maji na chakula. Anayeweza kuutunza mwendo huo ni mtu anayetembea kwa kasi mlimani, anayekimbia taratibu penye tambarare, na ambaye mapaja yake bado yanakubali kushuka baada ya saa nane. Mazoezi yako yote yalenge hapo, na mbio za kasi za uwanjani uziache kwa sasa.

Ningekuwa wewe ningekimbia siku nne tu: siku mbili za kati ya wiki kwa dakika 45 kila moja, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema; siku moja ya ngazi kwa muda wa saa moja; na mwisho wa wiki safari moja ndefu, inayoanzia saa mbili na kukua polepole.

Hizo ngazi za ofisini usizidharau. Ghorofa moja kwa kawaida huwa na urefu wa mita tatu hivi, kwa hiyo kupanda jengo lote kunakupa mita 30, na ukipanda mara 20 umefikisha mita 600, ambazo ni zaidi ya robo ya mwinuko wote wa mbio zako. Panda kwa kutembea, usikimbie. Inama kidogo kutokea kiunoni, kanyaga kwa wayo mzima ili shavu la mguu lisibebe kazi yote, na pale miguu inapochoka weka viganja juu ya magoti uyasukume. Kama una mashine ya kukimbilia, iinue hadi asilimia 12 na utembee kwa kilomita tano kwa saa. Utapata karibu mita 600 za kupanda katika saa moja. Kasoro yake ni kwamba mashine hiyo haikufundishi kushuka.

Kushuka ndiko kunakowamaliza watu waliotoka barabarani. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikiwa inarefuka, na kazi ya namna hiyo huichana nyuzi za misuli kuliko kupanda. Ndiyo sababu maumivu huja siku ya pili au ya tatu, wakati ulikwisha kudhani umesalimika. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza haraka, na zoezi moja la kushuka hukulinda kwa wiki kadhaa zinazofuata. Kwa hiyo, siku ya ngazi usitumie lifti kurudi chini. Anza na mizunguko michache, shuka kwa hatua fupi na nyepesi, na uongeze taratibu.

Mbili kwa Mpigo

Ninakubaliana na Mpanda Ngazi kwa mengi, isipokuwa suala la safari moja ndefu. Mtu ambaye hajawahi kuvuka saa tatu anahitaji kujua jinsi mwili unavyojisikia unapoanza kukimbia ukiwa tayari umechoka, na njia salama ya kulijua hilo ni kukimbia saa mbili na nusu Jumamosi, kisha saa mbili Jumapili asubuhi. Ukijaribu kukimbia saa tano au sita kwa mara moja, utahitaji siku nyingi za kupona, na katika siku hizo mazoezi ya katikati ya wiki yatapotea. Miguu inayoamka mizito siku ya Jumapili inakufundisha mengi kuhusu nusu ya pili ya mbio.

Nyumba ya Mkimbiaji

Mimi si mkimbiaji, ila nimeolewa na mkimbiaji, na ninaomba niseme kwa niaba ya wale wanaobaki nyumbani na watoto. Pendekezo la kukimbia Jumamosi na Jumapili ni zuri kwa asiye na familia. Kwa mtu ambaye mwenzake anafanya kazi kwa zamu, siku hizo mbili huenda ndizo pekee ambazo watu wa nyumba hiyo huonana mchana.

Tena, kinachochosha zaidi ya saa zenyewe ni kutojua. Mtu akisema "nitarudi baadaye", mimi siwezi kupanga lolote. Akisema "nitakuwa mlangoni saa tatu na nusu" na kweli akawa mlangoni, asubuhi yangu inabaki kuwa yangu. Safari nayo haijaisha pale anapovua viatu. Akifika na kujilaza kwenye kochi hadi jioni kwa sababu ya uchovu, basi nyumba imelipia siku nzima, ingawa saa yake ya mkononi inaonyesha amekimbia kwa muda wa saa tatu tu. Ushauri wangu ni kwamba mkae na mwenzako zamu zake zinapotangazwa, mpange kwanza muda wake wa kupumzika akiwa peke yake, na mazoezi yako yaingie katika nafasi zinazobaki. Lile swali la "Jumapili hii pia?" ninavyolisikia mimi halihusu kukimbia. Linauliza zamu yake ni lini.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na hasa Nyumba ya Mkimbiaji, ambaye nimempa mwenzangu amsome. Amecheka na kusema hana la kuongeza. Tumekubaliana kwamba siku mbili mfululizo zitakuwa mara moja tu kwa mwezi, katika wiki ambayo yeye hana zamu ya usiku. Je, kuna njia ya kupata muda wa ziada bila kuugusa mwisho wa wiki? Na lile la saa kumi alfajiri bado sijajibiwa.

Mpanda Ngazi

Kama umbali unaruhusu, rudi nyumbani kutoka kazini kwa kukimbia. Muda ambao ungeutumia kwenye gari unageuka kuwa mazoezi, na nyumba haihisi tofauti kubwa. Nguo za kesho zipeleke leo, ili mgongoni ubebe vitu vichache tu, na ubebe kwa begi lilelile la kukimbilia utakalolitumia siku ya mbio. Mikanda yake ikikuchubua begani au kwapani, ni afadhali ulijue hilo sasa. Siku mbili za namna hiyo kwa mwezi ziongeze urefu kwa kuzunguka njia ya mbali, na kama kunaanza kuingia giza, vaa taa ya kichwani. Huenda ukamaliza mbio zako usiku, na kukanyaga mizizi kwa mwanga wa taa ni ujuzi unaohitaji kuzoewa.

Kuhusu alfajiri, usiamke saa kumi ikiwa mtoto alikuamsha saa nane usiku. Mwili hujijenga wakati wa usingizi, na saa moja ya mazoezi iliyonunuliwa kwa saa moja ya usingizi mfupi kwa kawaida ni hasara. Kama usiku ulikuwa mzuri, amka. Kama ulikuwa mbaya, lala, na zoezi hilo ulifute kabisa badala ya kulihamishia kesho juu ya la kesho.

Fizio

Mimi ni mtaalamu wa viungo, na ningependa kuongeza mambo ambayo wakimbiaji wengi huyakumbuka wakiwa wameshaumia. Mara mbili kwa wiki tenga dakika 15 za mazoezi ya nguvu nyumbani, watoto wakicheza pembeni: kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja ukiwa umesimama ukingoni mwa kidato, kushuka polepole kutoka kwenye kidato hicho hadi kisigino kiguse chini, na kusimama kwa mguu mmoja huku umefumba macho. Hilo la mwisho linaonekana kama mchezo, lakini kifundo cha mguu kisichojua kujirekebisha haraka hakiendi mbali kwenye njia ya mawe.

Chakula nacho hufanyiwa mazoezi. Kwa mbio za saa nyingi, pendekezo la kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na waliozoea hufika gramu 90 kwa kuchanganya aina za sukari, kwa sababu glukosi na fruktosi hupita kwenye milango tofauti ya utumbo. Tumbo ambalo halijawahi kupewa chakula likiwa linatikiswa litakirudisha. Kwa hiyo, katika kila safari ndefu anza kula mapema, kabla ya njaa, na utumie vitu vilevile utakavyobeba siku yenyewe. Maji unywe kwa kufuata kiu. Kujilazimisha kunywa kupita kiasi kunaweza kushusha sodiamu katika damu hadi kiwango cha hatari, na chumvi ya kumeza haimkingi mtu anayekunywa kupita kiasi.

Ninasisitiza pia kwamba usimeze dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen wakati wa mbio. Dawa hizo hupunguza mtiririko wa damu kwenye figo katika saa ambazo figo tayari zina kazi ya ziada kutokana na joto, upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyochanika. Na baada ya mbio, ukiona mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, usisubiri kesho, nenda hospitali.

Mleta mada

Ahsante sana, Fizio. Swali langu la mwisho ni hili: watoto wakiugua nikapoteza wiki nzima, nifidie vipi? Na nipunguze mazoezi lini kabla ya mbio?

Mbili kwa Mpigo

Usifidie. Wiki moja iliyopotea katika miezi mitano haikuondolei chochote cha maana, ila kuibana ndani ya wiki inayofuata kunaweza kukuletea jeraha la kano. Rudi pale ulipoishia. Zikipotea wiki mbili au zaidi, rudi nyuma kidogo kisha uendelee.

Safari ndefu kuliko zote, ya saa tano hivi ukiweza kuipata, iwe wiki tatu au nne kabla ya mbio, na ingefaa uende kwenye mlima wa kweli hata kama ni mbali, mwende na familia yote. Katika wiki mbili za mwisho punguza muda wa mazoezi hadi karibu nusu, lakini usifute siku za kukimbia wala vipande vifupi vya kasi ulivyovizoea. Zoezi kubwa la mwisho la kushuka lisikaribie mbio zaidi ya siku kumi.

Nyumba ya Mkimbiaji

Na hizo saa zitakazopungua katika wiki mbili za mwisho, tafadhali zisiishie kwenye kupanga na kupangua begi la mbio sebuleni. Mpe mwenzako Jumapili zote mbili.