Ulinganisho: KCSE, diploma au digrii – ni ngazi ipi inayompa mwanafunzi viza yenye nafasi zaidi?

Baba_Shella
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumbani kwangu Malindi wako vijana wawili wanaotaka kusoma ng'ambo, na nimeona heri niulize kabla sijamlipa wakala. Binti yangu amepata B katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwana wa ndugu yangu amemaliza diploma ya teknolojia ya habari. Wakala anasema viza ya mwanafunzi ni viza tu, haijali ngazi ya masomo, na kwamba njia ya mkato kwa wote wawili ni diploma ya Kanada au mwaka wa matayarisho Uingereza. Neno hilo la kwanza halikuniingia akilini. Mwenye ujuzi anilinganishie.

Mwalimu_Muyeye
Wa alaykum salaam, Baba Shella. Halikukuingia kwa sababu si kweli. Nianze na Uingereza, ambako kozi hupangwa kwa ngazi 8: A-level (mtihani wa kumaliza sekondari ya juu) iko ngazi ya 3, HND (diploma ya juu) ya 5, shahada ya kwanza ya 6, uzamili ya 7 na uzamivu ya 8. Jina la viza ni moja, lakini masharti yake hufuata ngazi iliyoandikwa kwenye CAS, yaani ile hati ya udhamini yenye nambari ambayo chuo humpa mwanafunzi ili aombee viza.

Anayekwenda kusoma kozi iliyo chini ya ngazi ya 6 hutakiwa kuwa na Kiingereza cha B1, yaani cha kati katika vipimo vya lugha vya Ulaya, na lazima akithibitishe kwa mtihani unaotambuliwa na serikali ya huko. Anayekwenda kusoma shahada hutakiwa B2, kiwango kinachofuata juu ya B1, lakini chuo kikuu chenyewe huweza kumpima, na hiyo ni nafuu kubwa kwetu kwa kuwa Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa sharti hili. Saa za kazi wakati wa muhula ni 20 kwa wiki kwa mwanafunzi wa shahada katika chuo kikuu, na 10 kwa aliye chini yake. Muda wote ambao mtu mzima huruhusiwa kusoma chini ya shahada kwa kawaida hauzidi miaka 2, ilhali wa shahada ni miaka 5. Akishahitimu shahada anaweza kuomba kubaki miaka 2 akitafuta kazi, ingawa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18; wa uzamivu wataendelea kupata miaka 3. Mwenye HND hana mlango huo.

Kuna mtego mmoja ambao nimeona ukiwanasa hata walimu wenzangu. Katika mfumo wetu wa kitaifa wa sifa za elimu, diploma iko ngazi ya 6 na digrii ngazi ya 7. Kijana wako akiona "6" ya Kenya na "6" ya Uingereza atadhani ameshafika, kumbe ile ya Uingereza ndiyo digrii yenyewe. Tarakimu hizo hazilingani hata kidogo.

Ama binti, vyuo vingi vya huko huiona KCSE kuwa karibu na GCSE, mtihani wao wa sekondari unaotangulia A-level, na ndiyo sababu ya kumdai mwaka wa matayarisho. Kabla ya kulipa chochote, kiandikie chuo ukiulize: CAS ya mwaka huo itasomeka ngazi gani, na je, itaendelea hadi mwisho wa shahada au itabidi aombe viza ya pili?

Ummu_Barani
Nawasalimu kutoka Kanada, ingawa kwetu ni Barani, hapo Malindi. Huyo wakala, Baba, anauza habari za zamani. Tangu Novemba 1, 2024 anayeomba kibali cha kazi baada ya masomo hupimwa lugha kulingana na ngazi aliyosoma: mwenye shahada ya chuo kikuu hutakiwa kufikisha kiwango cha 7 cha vipimo vya lugha vya huku, wa diploma ya chuo cha kati kiwango cha 5. Ukisikia hivyo utadhani diploma ndiyo rahisi. Lakini wa diploma anabanwa kwingine: fani aliyosoma lazima iwe katika orodha ya fani ambazo serikali inasema zina upungufu wa wafanyakazi, na orodha hiyo hubadilishwa. Mwenye shahada haulizwi fani.

Uzamili una upendeleo wa wazi. Kozi ya uzamili hata ikiwa ya mwaka mmoja tu huweza kukupa kibali cha kazi cha miaka 3, ilhali diploma ya mwaka mmoja hukupa mwaka mmoja, na kozi iliyo chini ya miezi 8 haikupi kitu. Kibali chenyewe hutolewa mara moja tu maishani, kwa hivyo aliyekitumia kwa diploma ndogo hawezi kukiomba tena akipata digrii. Tena kuanzia Januari 2026 wanaokuja kwa uzamili na uzamivu katika vyuo vya umma hawahitaji ile barua ya jimbo, ya kuthibitisha kuwa mwanafunzi yumo katika idadi iliyoruhusiwa, inayowahangaisha wengine.

Kijana_Watamu
Ninawaheshimu, lakini mnazungumza kana kwamba kila mtu ana subira na karo ya miaka minne ya chuo kikuu kwanza. Binti wa kidato cha nne afanye nini, akae akisubiri uzamili?

Fundi_Ngomeni
Aangalie Italia, ndugu yangu. Ajabu ni kwamba tunaishi Malindi, mji ambao muuza vinyago wa ufuoni anajadiliana bei kwa Kiitaliano, na bado hakuna aliyeitaja. Sharti lao la msingi la kuingia shahada ya kwanza ni miaka 12 ya shule, na mwanafunzi wa mfumo wetu wa 8-4-4 anayo: 8 ya msingi na 4 ya sekondari. Usajili wa awali hufanywa kwenye tovuti ya Universitaly, kisha ndipo viza ya masomo, na akifika ana siku 8 za kuomba kibali cha ukaazi. Anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Mikoa pia hutoa misaada ya masomo kwa kuangalia kipato cha familia, na wageni huruhusiwa kuomba.

Tahadhari ni hii: Kiitaliano cha ufuoni si cheti. Kozi inayofundishwa kwa Kiitaliano hudai B2, na kujua kutaja bei hakutoshi kwa mhadhara wa uhandisi. Akikosa B2, atafute kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza.

Baba_Shella
Ahsanteni sana. Na Marekani na Ujerumani?

Mwalimu_Muyeye
Kwa ufupi. Marekani, anayekwenda kwenye kozi za ufundi hupewa viza ya M-1, ambayo mafunzo yake ya kazi hayazidi miezi 6. Chuo kikuu ni F-1, na kila ukipanda ngazi unapata miezi 12 mipya ya kufanya kazi ya fani yako. Ujerumani, mwenye KCSE kwa kawaida hupitia Studienkolleg, yaani masomo ya matayarisho ya chuo kikuu, kwanza, na anatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka katika akaunti maalumu. Ni pesa nyingi kwa familia zetu.

Kijana wa Watamu ana haki kuuliza. Maoni yangu ni kwamba binti aombe shahada moja kwa moja, Italia au kwingineko inapopokelewa KCSE yake, wala asishuke kwenye diploma. Yule wa diploma ndiye ningemshauri abaki: ajiunge na digrii hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, ajaribu kuhamisha masomo aliyokwisha kufanya, kisha atoke kwa uzamili. Mwenye diploma anayeomba kwenda kusoma diploma nyingine huulizwa na afisa wa viza anafuata nini huko, na jibu la maana ni vigumu kulipata.

Ummu_Barani
Naongeza moja kwa Baba. Viweke vyeti vyao mezani pamoja na pasipoti na vyeti vya kuzaliwa, usome majina herufi kwa herufi. Huko kwetu Pwani "Mohamed" ya cheti cha KCSE huwa "Mohammed" kwenye pasipoti, na jina la babu hutokea kwenye hati moja likakosekana kwenye nyingine. Marekebisho ya cheti hupitia KNEC, baraza la mitihani la Kenya, na huchukua muda, basi yaanze sasa, kabla ya maombi ya chuo.