Kopo langu la chooni limegeuzwa jagi la juisi, halafu mshamba ni mimi!

Mnyonge_wa_Coventry:
Wakuu, usingizi umenikataa. Huku jua limezama tangu saa kumi jioni, mimi bado nimekaa kitandani na koti, natetemeka. Siyo baridi. Ni hasira.

Yule jamaa ninayeishi naye kanidhalilisha leo. Simtaji. Mnamjua. Mbongo yeyote aliyewahi kulala kwenye sofa la mtu Coventry anamjua. Yule anayeanza kila sentensi na "sisi tuliokaa huku".

Nimefika Septemba. Nyumbani walinitisha baridi, bili, ubaguzi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba nitakuja kulia kwa ajili ya kopo. KOPO! Lile lililokuwa la siagi, likaingia kwenye ndoo chooni, na hujawahi kulishukuru hata siku moja. Unaingia choo cha huku: hamna bomba, hamna ndoo, sakafu ina zulia. Zulia, chooni! Taa unawasha kwa kuvuta kamba kama unapiga kengele ya kanisa. Na karatasi imening'inia hapo inakuangalia.

Wiki ya kwanza nilitumia chupa ya maji ya kunywa. Mdomo mwembamba, inalia glu glu glu, nyumba nzima inajua umefika hatua gani. Nikaenda duka la Wapakistani nikapata jagi la plastiki, kijani, lina mistari ya kupimia mpaka lita moja. Pauni moja na nusu. Sinki la huku lina mabomba mawili: moja linatoa maji ya kunyonyolea kuku, jingine barafu, na hayakutani popote isipokuwa ndani ya kopo lako. Nikapata kipimo: ya moto mpaka 300, ya baridi mpaka 700. Siku hiyo nilimpigia mama nikamwambia nimeshazoea Uingereza.

Leo Jumapili natoka zamu, nakuta sebule imejaa. Watu kumi na moja, Wabongo watupu, pilau katikati ya meza. Kando ya pilau, kopo langu. Limejaa juisi ya embe mpaka mstari wa 900.

Nikamvuta pembeni kwa adabu. Kaka samahani, lile ni la kule. Nikamwonyesha mlango kwa macho. Mtu mwenye akili angelichukua kimyakimya. Yeye ALILINYANYUA. Wakuu, alilinyanyua juu, juisi inacheza, akasema kwa sauti ya MC wa harusi: "Kijana wetu anasema hili ni la chooni! Huku Ulaya watu wanatumia karatasi, bwana, acha ushamba!" Wakacheka. Hata waliokwisha kunywa wakacheka. Halafu akanimiminia glasi: "Kunywa, umekonda."

Ushamba! Mimi niliyezaliwa Ilala! Anayenawa na anayepangusa, mshamba nani? Nikifumba macho naliona lile kopo liko hewani kama kombe la dunia. Alilinyanyua, jamani.

Naomba kuwasilisha.

Mzee_wa_Busati:
Nimekaa paleee. Swali moja tu, mkuu. Ulikunywa au hukunywa?

Mama_Ntilie_Mstaafu:
Nimecheka mpaka mjukuu kaamka. Pole mwanangu. Lakini mjibu mzee hapo juu.

Mnyonge_wa_Coventry:
Hilo siyo suala. Suala ni kwamba alilinyanyua.

Kobe_Mtaratibu:
Kanywa huyu.

Nyundo7:
Uzi bila picha ya kopo ni batili. Halafu miezi minne yote unaishi na jagi la vipimo chooni hujaliandika hata neno moja, mwenzio kaona chombo cha jikoni kimepotea njia. Kosa lako.

Mwana_wa_Ng'ambo:
Poleni nyie wa Ulaya. Mie niko Muscat, shatafu iko kila choo, hata sheli. Kinachoniliza mie mvua. Ile ya kupiga bati usiku ukajifunika kanga ukalala. Huku ikinyesha ni habari ya mji, watu wanapanda magari kwenda kuangalia mabonde yakijaa maji. Mvua inatazamwa kama mpira!

Spageti_na_Mchicha:
Mlioko Uingereza mlichagua wenyewe. Huku Italia bideti, lile beseni la kunawia chooni, iko kisheria tangu 1975, nyumba ya kuishi lazima iwe nayo. Choo siyo tatizo langu, tatizo ugali. Unga wao wa mahindi ni wa njano. Nimesonga Jumamosi, mwanangu akauliza, baba, hii keki imeharibika?

Kamau_wa_Kipande:
Si mwende duka la Waafrika mkanunue unga mweupe? Na ule wenu wa Bongo umelegea hivyo, si ni uji umechoka. Complain ya maana ni chai. Niko Manchester, mtu ananipatia maji moto na kamfuko kana kamba, halafu anamwaga maziwa baridi juu. Hiyo ni chai ama ni dawa? Chai majani na maziwa zinachemka pamoja kwa sufuria mpaka ipande!

Nyundo7:
Mkenya umeingiaje hapa? Huo ugali wenu mtu akirushiwa anazimia.

Fundi_Spana:
Samahani wakuu nimechelewa kuuona huu uzi. Coventry? Leo? Pilau ilikuwa na zabibu?

Mnyonge_wa_Coventry:
Ndiyo.

Fundi_Spana:
Nilikunywa glasi tatu.

Mama_Ntilie_Mstaafu:
Yesu wangu.

Mnyonge_wa_Coventry:
Pole kaka. Nilijaribu. Si uliona alivyolinyanyua?

Fundi_Spana:
Niliona. Na nikacheka. Tuliambiwa ni utani wa kijana. Naenda kulala.

Kobe_Mtaratibu:
Mimi nina jingine. Huyo jamaa kakaa huko miaka yote anapangusa? Mwanaume wa Kibongo? Mnyonge, chunguza kopo lako vizuri.

Mnyonge_wa_Coventry:
Ngoja. NGOJA. Kuna asubuhi nilitoka zamu ya usiku nikalikuta limelowa. Nikadhani ni mvuke. Na tunaishi wawili tu.

Mzee_wa_Busati:
Hahahaha! Sisi tuliokaa huku! Lakini bado hujajibu swali langu.

Jogoo_Bubu:
Nyie mnaongelea vyoo, mimi huku Ujerumani nakosa makelele tu. Jumapili mtaa unakuwa kama kuna msiba. Maduka yamefungwa, hakuna spika, hakuna muuza karanga, ukipiga msumari ukutani jirani yuko mlangoni na kanuni za jengo. Nimeweka mlio wa simu wa jogoo ili nilale.

Mwana_wa_Ng'ambo:
Jogoo wa kulalia! Pole ndugu yangu.

Mama_Ntilie_Mstaafu:
Ninyi wote njaa ya nyumbani inawasumbua. Binti yangu anasafiri kwenda Birmingham tarehe 20. Nina dagaa wa Kigoma, wakavu, nimewachambua mwenyewe vichwa. Nyama na maziwa mpakani hawapitishi, msihangaike kuagiza. Dagaa wanapita.

Nyundo7:
Dagaa wa Mwanza ndiyo dagaa.

Mama_Ntilie_Mstaafu:
Dagaa wa Mwanza tunalishia kuku.

Kamau_wa_Kipande:
Nyinyi mnaita dagaa, sisi omena. Mama, Manchester unaweza tuma?

Spageti_na_Mchicha:
Mods, uzi umehama, badilisheni kichwa. Mama, na Italia je?

Kobe_Mtaratibu:
Dagaa gani tena, tulikuwa kwenye kopo!

Mnyonge_wa_Coventry:
Mama, Birmingham mimi nafika kwa treni, siyo mbali. Niwekee kilo mbili. Na kama binti ana nafasi kwenye begi, kopo moja. La siagi.

Mzee_wa_Busati:
Kanywa.